Kuhamisha Mtoto Shule Kati ya Kenya na Tanzania: Bei ya Mwaka Mmoja

Binti anayesoma Kidato cha Tatu Moshi mwaka 2026 na mwenzake wa Kidato cha Tatu kule Voi hawako darasa moja. Wa Moshi yuko mwaka wa kumi wa masomo: saba ya msingi, mitatu ya sekondari. Wa Voi yuko mwaka wa kumi na moja, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 ulimkalisha miaka minane shule ya msingi kabla ya kuvuka kwenda ya upili. Jina la darasa ni lilelile, na kati yao pana mwaka mzima. Mzazi anayevuka mpaka wa Holili au Namanga na ripoti ya shule mkononi, akiamini kwamba tatu ni tatu, anaweza kumrusha mtoto darasa bila kujua, au akakubali arudishwe nyuma bila sababu ya maana.

Wazazi wengi wakifika shule mpya huanza na ada. Mimi naiweka ada kuwa swali la tatu. La kwanza ni hili: mtihani wa taifa unaofuata kwa mtoto huyu ni upi, na atasajiliwa kwa namba ipi? La pili ni lugha ya kufundishia. Ukishapata majibu ya hayo mawili ndipo ada za shule mbili zinaweza kulinganishwa, maana shule nafuu inayomrudisha mtoto darasa moja huweza kumla mzazi fedha nyingi kuliko ile aliyoikimbia getini kwa kuona bei yake.

Tuanze na hesabu ya miaka. Tanzania imekuwa na miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya Kidato cha Tano na Sita, kisha chuo kikuu kwa miaka mitatu au zaidi. Kenya ilifuata minane, minne na minne tangu 1985. Jumla ilikuwa ileile, kumi na sita, ila ngazi zilipangwa tofauti. Sasa zote mbili zinabadilika kwa pamoja. Kenya iko katikati ya kuhamia 2-6-3-3-3: miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, mitatu ya sekondari ya juu, na mitatu ya chuo. Tanzania nayo, chini ya Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, inakwenda kwenye miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, na yote kumi ni ya lazima. Mabadiliko yakikamilika, anayepanda ngazi zote hadi shahada ya miaka mitatu atatumia miaka kumi na mitano kila upande wa mpaka. Hilo ni jema kwa mjukuu. Mtoto anayehamishwa sasa anakanyaga kwenye viraka vya mpito, na viraka hivyo ndivyo vyenye gharama.

Chukua mtoto aliyemaliza Gredi ya 6 Nairobi mwishoni mwa 2026, akafanya tathmini ya KPSEA, halafu baba yake akapata kazi Arusha. Kwao Januari 2027 angeingia Gredi ya 7, yaani amekwisha kuaga msingi. Arusha, mwaka wa saba bado ni Darasa la Saba, na mbele yake kuna mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mzazi hudai Kidato cha Kwanza kwa hoja kwamba mtoto “amemaliza primary”. Shule makini itakataa, na mimi naiunga mkono. Nafasi za Kidato cha Kwanza za serikali hugawiwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na kumbukumbu za mwanafunzi zimefungwa kwenye namba anayopewa tangu msingi. Kuruka hatua hiyo ni kumnunulia mtoto usumbufu wa miaka minne mbele, siku ya kusajiliwa mtihani wa Kidato cha Nne.

Lakini angalia vizuri mwaka huo wa 2027. Mtaala mpya wa Tanzania ulianza 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu kwa pamoja. Waliokuwa la Tatu mwaka ule wanafika la Sita mwaka 2027, na kwao hilo ndilo darasa la mwisho la msingi. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja wanaendelea na mtaala wa zamani na wanamaliza la Saba mwaka huohuo. Madarasa mawili yanatoka kwa mlango mmoja na kuingia Kidato cha Kwanza Januari 2028.

Maana yake kwa huyu wa Nairobi ni kwamba akipokelewa Darasa la Saba Januari 2027, au akipokelewa la Sita, atafika Kidato cha Kwanza siku ileile. Kinachoonekana kama kurudishwa darasa hakimgharimu hata muhula. Hali ni hiyohiyo kwa aliyeingia 2026 na kupewa chaguo la Darasa la Tano au la Sita. Katika dirisha hili dogo, mzazi anayepigania heshima ya “mwanangu hakariri darasa” anagombania kitu kisichokuwapo. Mimi ningechagua darasa la chini. Lina mtaala mpya, vitabu vipya, na mtoto hatatupwa katika mwaka wa mwisho wa mtaala ambao walimu wenyewe wanauaga. Jambo la kuwahi ni nafasi ya sekondari ya 2028. Watoto wa madarasa mawili watakuwa wanatafuta viti vya darasa moja, na shule binafsi nzuri hazitangoja Desemba kufunga orodha.

Kuanzia hapo mambo yatanyooka kidogo: Gredi ya 7 ya Kenya na Kidato cha Kwanza cha Tanzania vitakuwa vyote mwaka wa saba.

Lugha sasa. Wakenya wengi hudhani Kiswahili hakitawasumbua watoto wao kwa kuwa wanakisoma shuleni na kukizungumza nyumbani. Shule ya msingi ya serikali Tanzania hufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Mtoto aliyepata alama za juu za insha Nakuru atakutana na KDS, kigawe kidogo cha shirika, na usanisinuru, na sehemu guni, akaonekana mjinga wa hesabu kumbe anajua hesabu hiyo kwa Kiingereza. Shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza hupunguza tatizo hilo, ingawa haziliondoi: somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili hata huko, na mtoto aliyekulia kwenye habari za Mau Mau anaanza upya na Maji Maji na Azimio la Arusha.

Anayetoka Tanzania kwenda Kenya hupigwa upande wa pili. Kule Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4. Mtoto wa Darasa la Tano wa shule ya serikali Tanga, hodari wa hisabati, akifika Mombasa atasoma swali la mafumbo mara tatu kabla ya kujua ameulizwa nini. Hapo mwalimu mkuu wa Mombasa atapendekeza Gredi ya 4 au hata ya 3. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa ningekubali. Mwaka mmoja wa lugha utamlipa baadaye. Kwa wa miaka kumi na moja nisingekubali haraka. Ningeomba gredi ya umri wake kwa muhula mmoja wa majaribio, nikagharamia masomo ya ziada ya Kiingereza, ndipo tukae tena mezani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa kuzuiliwa katika darasa lolote. Haisemi apangwe darasa gani siku ya kwanza, kwa hiyo mvutano wako wote uwe kabla ya kusajiliwa. Baada ya hapo sheria iko upande wa mtoto.

Penye hatari kubwa kuliko kote ni kati ya Gredi ya 8 na Kidato cha Nne, na wazazi hulipitia eneo hili kwa wepesi wa kutisha. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza msingi katika 8-4-4, ulifanyika 2023. Walioufanya waliingia Kidato cha Kwanza 2024, na nyuma yao hakuna aliyeingia kidato hicho tena. Kwa hiyo mwaka 2026 shule za upili za Kenya zina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na cha Nne. Hakuna Kidato cha Pili. Kijana aliyemaliza Kidato cha Kwanza Dodoma mwishoni mwa 2025 amesoma miaka minane, na mahali pake Kenya ni Gredi ya 9, ambayo mara nyingi inasomwa ndani ya uzio wa shule ya msingi. Anavaa tena kaptula, analalamika, mzazi anaona ameshushwa. Hakushushwa.

Ila Gredi ya 9 ina mtego wake. Kupangiwa shule ya sekondari ya juu kunategemea alama za aina tatu: KPSEA ya Gredi ya 6 hubeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 hubeba 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 hubeba 60. Mtoto aliyefika juzi kutoka Dodoma hana zile 40 za mwanzo. Kabla ya kulipa hata fomu, mwombe mkuu wa shule akueleze kwa maandishi jinsi Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, litakavyomhesabia mtoto wako, na kama tayari amepata namba ya tathmini. Mkuu akikujibu “tutaona mbele ya safari”, nenda shule nyingine.

Kwa aliye Kidato cha Tatu au cha Nne, upande wowote, ushauri wangu ni mfupi: usimhamishe. Mkenya aliye kwenye 8-4-4 mwaka 2026 yuko katika kundi la mwisho au la kabla ya mwisho. KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne wa mfumo huo, inafungwa 2027, na wa kundi la mwisho hana darasa nyuma yake la kukariri. Mtanzania aliye Kidato cha Tatu tayari ana matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili, ambayo ni sehemu ya alama zake za maendeleo kuelekea cheti cha Kidato cha Nne. Kumng'oa hapo ni kutupa alama alizokwisha kuzitolea jasho. Bweni la mwaka mmoja au miwili, au kumwacha kwa shangazi, kutakuuma moyoni na mfukoni, lakini mwisho wake unajulikana tarehe.

Sasa fedha. Shule za serikali Tanzania zimefuta ada tangu Januari 2016 kwa msingi hadi Kidato cha Nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kwa Kidato cha Tano na Sita. Zinabaki sare, madaftari, chakula na michango ya hapa na pale. Kenya ilifuta karo ya msingi mwaka 2003. Kwa shule za upili za kutwa serikali imekuwa ikitoa shilingi 22,244 za Kenya kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na mzazi hubeba chakula na sare. Bweni katika shule za kitaifa, mwongozo wa serikali umekuwa ukitaja shilingi 53,554 kwa mwaka. Juu ya kiasi hicho kuna ununuzi wa siku ya kuripoti: godoro, sanduku, ndoo, viatu vya aina moja tu kutoka duka moja tu. Uliza orodha hiyo kabla ya kulinganisha chochote.

Shule binafsi ndiko wahamiaji wengi huishia, na ndiko hesabu ya darasa inapogeuka pesa. Tuseme mtoto amebakiza miaka mitano kufika mtihani wa Kidato cha Nne. Shule moja inatoza shilingi 2,400,000 za Tanzania kwa mwaka lakini inamrudisha darasa moja. Nyingine inatoza 3,000,000 na kumpokea darasa lake, kwa sharti asome Kiswahili cha ziada mwaka wa kwanza kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, miezi kumi. Ya kwanza itakula miaka sita: 14,400,000. Ya pili miaka mitano, 15,000,000, na 600,000 za mwalimu wa ziada: 15,600,000. Getini tofauti ilikuwa 600,000 kila mwaka, na kwa miaka mitano ungeikadiria kuwa milioni tatu. Kwa safari nzima ni 1,200,000 tu, nayo inanunua mwaka mmoja wa ujana wa mtoto. Ukiongeza nauli na chakula cha mwaka wa sita, tofauti hiyo inaweza kufutika. Nimeacha kupanda kwa ada, ambako hutokea karibu kila shule. Weka tarakimu za shule zako na ufanye hesabu upya. Na kumbuka lile dirisha la 2027: ndani yake kurudi darasa moja hakuongezi mwaka, kwa hiyo shule ya 2,400,000 inakuwa nafuu kweli.

Kuna shule zinazomshusha mtoto kwa sababu isiyomhusu. Shule binafsi huuza jina kwa wastani wa matokeo, na mgeni mwenye Kiswahili cha kubabaisha ni doa kwenye wastani. Ndiyo maana ukiletewa jibu la usaili, omba uone karatasi zilizosahihishwa. Akiwa ameanguka Kiswahili na maarifa ya jamii peke yake, hiyo si sababu ya kukariri darasa. Ni suala la miezi michache na mwalimu wa jirani. Akiwa ameanguka hisabati, tena kwenye mada ambazo ripoti yake inasema alizisoma, kubali kushuka na ushukuru umejua mapema. Kuna pia kinyume chake, shule yenye viti vitupu inayokubali darasa lolote unalotaja. Hiyo naiogopa zaidi.

Chaguo la tatu ni shule za kimataifa, zinazofuata mtaala wa Cambridge au wa IB. Sifa yake ni kwamba mfumo uleule unapatikana Dar es Salaam, Nairobi na Muscat, kwa hiyo mtoto huhama bila kupoteza mwaka. Ada hutajwa kwa dola, na katika shule za IB zenye majina hufika makumi ya maelfu kwa mwaka; mitihani ya IGCSE, ya upande wa Cambridge, hulipiwa kwa kila somo, juu ya ada. Kwa familia inayohamishwa na mwajiri kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mwajiri ndiye mlipaji, sioni chaguo bora zaidi. Kwa familia inayohama mara moja na kutulia, ni gharama ya kuepuka tatizo la mwaka mmoja kwa kulipa miaka kumi. Na mkataba wa mwajiri una mwisho. Ukikatika mtoto akiwa na miaka kumi na tano, atarudi kwenye mfumo wa taifa katika lile eneo la hatari nililolitaja. Hata akimaliza salama, cheti chake kitahitaji hati ya ulinganifu ya NECTA kabla ya kuombea chuo Tanzania.

Wanaotoka mbali zaidi wana tatizo la kalenda. Kenya na Tanzania huanza Januari, Uganda Februari, lakini Rwanda, Burundi, Congo na Uingereza huanza kuelekea mwisho wa mwaka, Septemba au karibu yake. Mtoto aliyemaliza Year 6 Uingereza mwezi Julai hana haja ya kutupwa katikati ya muhula wa pili wa Tanzania. Aanze Januari, na miezi iliyo katikati iende kwenye Kiswahili. Angalia pia kwamba Year 7 ya Uingereza ni Gredi ya 6 ya Marekani kwa umri. Wanaovuka mpaka wa Uganda pale Mutukula wana raha: Uganda ina 7-4-2 kama Tanzania ya zamani, na S1 ndiyo Kidato cha Kwanza. Kijana wa KCSE anayelenga chuo kikuu Uganda ajue kwamba huko shahada hutanguliwa na Kidato cha Sita, na wengi wamelazimika kusoma kwanza mwaka wa maandalizi.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kanuni za Soko la Pamoja, lililoanza kazi Julai 2010, zinasema kibali cha mwanafunzi hutolewa bila ada. Anayekudai pesa kwa ajili hiyo mpe nafasi ya kukuandikia risiti uone atakavyosema.

Kabla ya kuondoka shule ya zamani, chukua barua ya uhamisho yenye muhuri, ripoti za miaka miwili, namba ya mtihani au ya tathmini, na, hiki husahaulika, orodha ya mada zilizofundishwa kwa kila somo. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo itakayomshawishi mwalimu wa taaluma kuliko alama zozote, kwa sababu A ya shule asiyoijua haimwambii kitu. Kagua pia majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Hamisi, ripoti ikasema Khamis, na pasipoti ikaongeza jina la ukoo lisilo popote, sahihisha ungali mjini kwako, kwenye ofisi unazozijua. Jina litakaloandikwa kwenye usajili wa kwanza wa mtihani ndilo litakalochapwa kwenye cheti, na kulibadilisha baadaye kuna ada yake.